Mguu wa Kongoni

Mama Ngoie, jirani yangu wa zamani, alinipigia simu nikiwa uani naanika mashuka. Hana tabia ya kuzungusha maneno. "Mwalimu, Kalenga amekufa," akasema. "Matanga iko kule Luano, kwa muke yake. Miye nitakuya kesho na basi ya Kasenga. Weye utaenda?" Nikamjibu kwamba nitaangalia. Jibu la ovyo hilo. Mimi ni mjane, mwalimu mstaafu, wajukuu wangu wamenipita urefu, niangalie nini? Lakini nilikaa chini kwenye ngazi ya jikoni na shuka bichi mapajani hadi gauni nalo likaloa, nisijue la kufanya na mikono yangu. Kalenga ni mwanamume ambaye nusura anioe. Nalisema mapema ili msomaji asije akanilaumu baadaye kwamba nilimficha. Hatukuoana, na sababu haikuwa dini, wala kabila, wala mwanamke mwingine, ingawa majirani wa mtaa wetu, Bel-Air, waliyasema yote hayo. Sababu ilikuwa mguu mmoja wa nyama. Nimeishi na jambo hilo utu uzima wangu wote, na bado likinijia sokoni au nikiswali hunichoma vilevile, maana lingeweza kuzuiwa na mtu yeyote kwa maneno machache.

Habari za kuzaliwa na kulelewa kwangu hazimsaidii mtu hapa, kwa hiyo naziruka. Inatosha kujua kwamba tulikuwa Waislamu wenye asili ya Maniema, na kwamba mkubwa wa nyumba alikuwa ndugu wa mama, Mjomba Sefu, fundi cherehani. Nchi wakati ule iliitwa Zaire, sisi sote tuliitwa citoyens na citoyennes, yaani raia, na mjomba alikuwa na kazi hadi shingoni, kwa sababu wanaume wa maofisini walikuwa wametupa tai zao na kila mmoja alitaka kushonewa abakosti, lile koti la kuvaliwa bila tai. Mimi nilikuwa nimetoka tu chuo cha ualimu. Wenzangu walipangiwa shule za mjini, na wenye bahati shule za kampuni ya shaba, ambako mwalimu alipata hata unga na mafuta. Mimi nilipangiwa shule ya watoto wa walinzi juu ya mlima Kundelungu, ndani ya hifadhi ya wanyama, mahali ambapo mama yangu hakuwa na habari kwamba watu huishi. Alilia mpaka wapita njia wakadhani tumefiwa. Mjomba Sefu, ambaye hakuna jambo aliloliacha lipite bila kulifanyia mzaha, alinipima mabega kwa utepe wake akasema: "Muache aende. Nitamushoneya koti ya manyoya, basimba baseme ni ndugu yabo."

Koti kweli alinishonea, la blanketi, na ndilo lililoniokoa. Lori lilitutoa mjini kwa barabara ya Kasenga, likaiacha, likapanda mlima kwa kunguruma na kusimama, kunguruma na kusimama, na tulipofika juu nilishangaa kwamba mlima hauna kilele. Juu ni uwanda. Nchi tambarare ya majani mafupi inakwenda mpaka macho yanachoka, bila mti, isipokuwa pale vijito vilipochimba mabonde na kujificha humo pamoja na misitu yao. Upepo hauna kinachouzuia. Mimi mtoto wa mji, niliyezoea kuona bomba la moshi la kiwanda kila nikigeuza shingo, sikuwa na kitu cha kushika kwa macho, na wiki za kwanza nilikuwa nikitembea nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Nilipewa chumba kimoja cha matofali mabichi. Upande wa pili wa ukuta waliishi Papa Ilunga, mzee wa walinzi, na mkewe Mama Ngoie, na ukuta ule ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua Papa Ilunga anapovua viatu. Jioni ya kwanza nilimsikia Mama Ngoie akimwambia mumewe: "Ile mutoto ya mujini itakimbia mbele ya mvua." Kumbe nilihitaji kusikia kwamba sitafikia mvua. Sikukimbia.

Kalenga alikuwa mlinzi kijana, mrefu, mkimya, aliyelelewa na mapadri kule kaskazini ya Katanga. Alinijia shuleni na ombi. Kulikuwa na mahali, mwendo mfupi kutoka kambini, penye udongo mweusi ulioloa maji, ambapo walinzi walikuwa wakimwaga chumvi ya mawe ili wanyama wazoee kuja karibu na wageni wapate kuwaona. Kazi hiyo alipewa yeye. Aliomba watoto wamsaidie kubeba chumvi kila Jumamosi, nami nikaona ni somo zuri, nikakubali. Alikuwa na namna yake. Akishamwaga chumvi alipiga debe tupu kwa fimbo, taratibu, kisha tulikwenda wote kulala kifudifudi nyuma ya kichuguu. Mwanzoni hakuja mnyama. Baadaye walikuja pundamilia, kwa mbali, wakisimama na kutazama. Mvua zilipoanza, uwanda ukawa kijani na kujaa maua madogo ambayo sijui majina yake hadi leo, na korongo wakaja wawili wawili, ndege wakubwa wenye mashavu yanayoning'inia, wakitembea kwenye maji kwa heshima zote. Halafu wakaja kongoni. Rangi yao ni ya chuma kilichoshika kutu, uso mrefu, wenye huzuni isiyo na sababu. Kulikuwa na jike mmoja mwenye pembe iliyovunjika ncha. Huyo akawa wa kwanza kuja mara debe likilia, hata kabla Kalenga hajaondoka, na watoto walimwita Directrice, kwa sababu alitutazama kama mkuu wa shule aliyekuta darasa lina kelele. Kalenga alicheka siku ile. Sikuwa nimeona meno yake kabla.

Sasa niseme kuhusu chakula, maana mambo yetu yote yalianzia hapo na kuishia hapo. Krismasi ilipokaribia, swala mmoja aina ya tohe alianguka kwenye majabali ya bonde akavunjika miguu, walinzi wakammaliza, na mkuu wa kituo akaruhusu nyama igawiwe kwa kambi nzima. Ilikuwa sikukuu. Mama Ngoie alipika sufuria kubwa, bukari, ugali wa huko, ikasongwa, tukakaa ukumbini kwao, mlango umefungwa kwa sababu ya ukungu, moshi unatutoa machozi. Sahani ilinifikia nikairudisha. Mimi Mwislamu, mnyama yule hakuchinjwa, na hata angechinjwa, aliyechinja hakuwa wa kwetu. Lakini sikutaka kuwahubiria watu kwenye meza yao, nikasema tu, "Aksanti, mama, nitakula na lengalenga," yaani mchicha. Sahani ikaenda kwa Kalenga. Naye akairudisha. "Non, merci," akasema. "Ile tohe nilikuwa namujua." Watu wakamcheka sana. Papa Ilunga akasema mtu wa namna hiyo akiwa mchungaji wa mbuzi atakufa njaa. Kalenga alinitazama mimi, juu ya moshi, kwa macho ya mtu aliyekuta ndugu yake ugenini. Nami nilifurahi kutazamwa. Hakuniuliza kwa nini nimekataa. Aliamini kwamba ninajua sababu yake na yeye anaijua yangu, na kutoka jioni ile tulikuwa tukikaa pamoja upande mmoja wa meza, watu wawili wa lengalenga na samaki wakavu, tukichekwa.

Nikiwa na umri huu naona jinsi mapenzi yetu yalivyojengwa juu ya jambo ambalo kila mmoja alilielewa kivyake. Hilo si kosa la mtu. Ndoa yangu niliyokuja kufunga baadaye, na mwanamume mwema, Mungu amrehemu, nayo ilijengwa juu ya mambo ya namna hiyo, na ilidumu. Ila ile ya mlimani haikupewa muda.

Mwezi wa tano mvua ziliisha na baridi ikashuka. Walinzi walichoma majani mapema, yakiwa bado nusu mabichi, vipande vipande, ili moto mkubwa wa kiangazi usipate cha kula. Kalenga alinifundisha kutazama upepo kabla ya kuwasha. Tulitembea nyuma ya moto, nyuso nyeusi, na siku chache tu baadaye majani mapya yalichomoza kwenye majivu na pundamilia wakaja kuyakata, weupe na weusi juu ya ardhi nyeusi, mchana kweupe, mpaka nilisahau kuinama. Jumapili moja alinipeleka kuona maporomoko ya Lofoi. Unatembea uwandani, husikii kitu, ghafla dunia inakatika. Mto unajitupa ukingoni, na kwa jinsi chini kulivyo mbali, maji hayafiki yakiwa maji. Yanapeperuka njiani na kuwa mvuke. Tulikaa juu ya mwamba tukila karanga. "Zaina," alisema bila kunitazama, "miye sina bakubwa wa kunisemea. Papa Ilunga njo atakuya na miye kwenu. Utakubali?" Nikamwambia akichelewa nitatafuta mwingine. Nilikuwa mpumbavu kwa furaha, nilikuwa tayari kuolewa pale pale mwambani. Jioni nikasikia ukutani Papa Ilunga akinong'ona: "Lakini bale ni Baislamu," na Mama Ngoie akijibu: "Na weye ulikuwa nini mbele ya kunioa? Lala."

Shule ikafungwa mwezi wa saba, nikarudi Bel-Air, nao Kalenga na Papa Ilunga wakanifuata kuja kuposa. Kalenga alivaa suruali iliyopigwa pasi hadi ikang'aa. Walileta asali kwenye dumu, kikapu cha uyoga mkavu, na kitenge kwa mama. Mimi na wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, jikoni, mama anapika pilau kana kwamba tayari ni harusi, na ninyi mnaojua nyumba zetu mnajua kwamba nyuma ya pazia ndiko kikao kinakofanyika hasa. Mambo yalikwenda vizuri. Suala la dini lilizungumzwa kwa upole; Kalenga alisema yuko tayari kufundishwa. Mjomba Sefu aliridhika, na akiridhika mdomo wake haukai. Nilimsikia akigeuza kiti, sauti yake ikapanda, ile sauti ya mzaha tuliyoijua sote:

"Lakini, citoyen, ngoja kwanza. Weye unachunga banyama yote ya ile mulima, halafu unakuya kwa bukwe na uyoga? Uyoga? Mutoto yetu njo wa bure? Rudia kule juu, tuleteye muguu ya kongoni. Tukisha kula, njo tutasema siku ya ndoa."

Jikoni tulikufa kwa kicheko. Shangazi alilazimika kukaa chini. Utamu wa mzaha ule ulikuwa huu, kwamba katika nyumba nzima hakuna ambaye angeweza kuweka mdomoni nyama ya pori iliyopigwa bunduki na Mkatoliki. Mjomba mwenyewe alikuwa akikataa hata kuku wa jirani asipomwona akichinjwa. Kumwomba mlinzi wa hifadhi mguu wa kongoni kulikuwa sawa na kumwomba padri akupeleke Makka. Mzaha wa kumkaribisha. Kwetu, mkwe asiyetaniwa ni mkwe asiyetakiwa. Nilicheka nami, nikiwa na vitunguu mikononi, na sijilaumu kwa kucheka. Nilidhani anacheka pia huko sebuleni. Nilisikia makofi, yale makofi ya polepole ya viganja vilivyokunjwa ambayo watu wa kwao hupiga mbele ya mkubwa, na sauti ya Kalenga ikisema: "Nimesikia, bukwe," yaani mkwe. Na Papa Ilunga, aliyekuja kumsemea, naye akasema: "Tumesikia." Nikaona ni adabu yao tu. Wakala, wakashukuru, wakaondoka. Mlangoni alinishika kidole kimoja, kwa siri, akakiachia.

Mambo yale yalipokwisha kuharibika ndipo Mama Ngoie alipokuja kunieleza yaliyokuwa kwenye lori la kurudi, kama alivyoambiwa na mumewe. Kwa watu wao, mbele ya bukwe hakuna mchezo. Mume mtarajiwa hamtazami machoni, hapiti alipopita, na neno litokalo kwa mkubwa wa msichana ni neno la kutimizwa. Wangewezaje kujua kwamba mtu wa heshima, mwenye kanzu na kofia, anaweza kumchezea posa? Kalenga alikaa juu ya magunia njia nzima. Mara moja tu alimwuliza Papa Ilunga: "Na nikikataa?" Mzee akamjibu: "Ukikataa, banasema haumupendi." Papa Ilunga alikuwa mtu mwema aliyempa kijana ushauri sahihi wa kwao, na alikwenda kaburini akiujutia.

Kalenga alirudi mwezi wa nane, siku ya vumbi, mama yuko sokoni. Nilimwona kwanza kwa mgongo, anafungua lango kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa imeshika gunia. Alikuwa amekonda. Hakunisalimia kwa jina. Mjomba Sefu alikuwa barazani kwenye cherehani yake, pini mdomoni, anaunga kola ya mtu mkubwa wa chama aliyetaka nguo yake jioni hiyohiyo. Kalenga alipiga magoti kwenye saruji, akapiga makofi, akafungua gunia. Ndani yalikuwamo majani ya migomba, na ndani ya majani mguu mzima wa nyuma, uliokaushwa kwa moshi, mweusi, na kwato yake. "Bukwe," akasema, "ile neno uliniambia, nimeleta."

Cherehani ilisimama. Mjomba alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine akizichomeka kwenye kola, polepole. Mwisho akauliza swali la kijinga, swali la mazoea tu, lililomtoka kabla hajalipima: "Nani alichinja?"

"Miye, baba. Nilimupiga bunduki."

"Siye hatuwezi kukula ile."

"Haiko muzuri? Niliikausha miye mwenyewe."

"Iko muzuri," mjomba akasema. "Baba, siye ni Baislamu. Kama haikuchinjwa na mwenzetu, hatukuli. Miye... nilicheka na weye tu. Ilikuwa kucheka."

"Ulicheka," Kalenga akasema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mwanafunzi anayerudia neno jipya ubaoni. Halafu akanitazama mimi, mlangoni, na nikaona anahesabu upya kila kitu: sahani ya Krismasi, lengalenga, upande wetu mmoja wa meza. "Na weye?" akaniuliza. "Ile siku ya tohe. Weye pia ilikuwa juu ya ile?" Ningeweza kumdanganya kwamba nami nilimhurumia tohe. Nikatikisa kichwa kukubali. Akainuka, akafuta magoti, akatoka. Nyama ilibaki barazani, inzi wanakuja. Hatimaye tuliwapa majirani wa upande wa pili, Wakatoliki wa Kongolo, waliotushukuru sana na kuimba jioni nzima.

Nilimkimbilia barabarani bila viatu. Nilimkuta amesimama kwenye kona ya duka la mkate, hajui basi linapita wapi, au hataki kupanda. Nikamshika mkono mbele ya watu, kitu ambacho msichana wa kwetu hafanyi. Nikamwambia mambo mengi, kwamba mjomba atakuja mwenyewe kuomba radhi, kwamba tutaoana hata kesho, kwamba mimi sijali nyama wala uyoga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo nikauliza lile nililokuwa nikiogopa: "Ni nani? Ni yule wa pembe?"

"Njo yeye." Alitazama mkate dirishani. "Bale bengine banakimbia bunduki, Zaina. Yeye hapana. Nilipiga debe, akakuya. Alisimama hapa tu." Akaonyesha urefu wa chumba kidogo. "Alikuwa anangojea chumvi."

Aliniambia kwamba akifika juu atamweleza mkuu wa kituo kila kitu, na nikamsihi asifanye hivyo, hakuna aliyemwona, watoto walikuwa likizo, watamfunga bure. Akasema, "Bure hapana." Nikalia. Nikamwuliza kama ananichukia. Akashika kichwa changu kwa viganja vyote viwili, pale barabarani, vumbi linapita katikati yetu, akasema hanichukii hata kidogo, na kwamba ndiyo taabu yenyewe, kwa sababu kila atakaponitazama atamwona yule akija. Basi la mjini likafika. Akapanda.

Mjomba Sefu alifunga cherehani akapanda mlima kumfuata, yeye ambaye alikuwa haendi hata mji wa Likasi bila kulalamikia mgongo. Kalenga alikuwa ameshajieleza na kuvua nguo za kazi, anasubiri lori la kumpeleka kwenye hukumu. Alimpokea mjomba kwa adabu zote, akampa kiti, yeye akakaa chini. Mjomba akasema yote ambayo mtu mzima anaweza kusema. Akamwambia aje amwoe mtoto kwa mikono mitupu, yeye mwenyewe atalipia harusi. Kalenga alipiga makofi yake ya polepole akajibu kwamba ameshasamehe, na kwamba jibu ni hapana. Aliporudi, mjomba aliniletea jibu hilo kitandani kwangu akiwa bado na vumbi la safari kwenye kofia, akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akaniambia, "Mwanangu, nimekuua." Nikamwambia hajaniua. Nilikuwa na hasira naye miaka kadhaa, kisha hasira ikaisha, na baada ya hapo nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi, kwa sababu aliendelea kutania watu mpaka mwisho wa maisha yake, ndivyo alivyoumbwa, ila kila baada ya utani aliongeza haraka, "Ninacheka, unasikia? Ninacheka tu," na utani wote ukafa hapo.

Sikurudi mlimani. Niliomba nihamishwe, nikapewa shule ya mjini. Nilisikia kwamba Kalenga alifungwa, akatoka, akawa mtunza bustani wa mapadri karibu na Luano, akaoa. Mji wetu si mkubwa kiasi hicho, lakini hatukukutana hata mara moja, na nadhani tulisaidiana katika hilo. Kuhusu uwanda, waliofika juu siku hizi wananiambia unaweza kutembea tangu asubuhi usione hata pundamilia mmoja. Walikuja watu wenye bunduki za vita, wakaja wachoma makaa, na chumvi hakuna anayemwaga. Mjukuu wangu alinitafutia picha kwenye simu yake. Majani yapo, maporomoko yapo. Nilitafuta kongoni kwenye kila picha, nikikuza kwa vidole viwili kama alivyonifundisha, mpaka akaniuliza bibi, umepoteza nini.

Nilikwenda matanga. Nilivaa kitenge cheusi, nikakaa kwenye mkeka kati ya wanawake, Mama Ngoie pembeni yangu akilia kwa sauti kwa niaba yetu wawili. Mjane alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso mzuri uliochoka, anaitwa Mama Mwadi. Mchana tuligawiwa chakula, bukari na maharage, na mama mmoja aliyekaa mbele yetu akanung'unika kwamba msiba wa mtu mzima hauna hata kipande cha nyama. Mama Mwadi alimsikia. "Mutusamehe," akasema. "Mu ile nyumba nyama haiingiaka. Hata kuku. Yeye hakutaka kuiona, hata harufu. Batoto walikuwa wanakula kwa banyumba ya bantu. Nilimuuliza myaka yote juu ya nini, hakuniambia." Kisha akanigeukia, kwa sababu Mama Ngoie alikuwa ameshamwambia mimi ni nani. "Mwalimu, weye ulimujua kijana. Alikuwa vile?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilimwona anavyonitazama, mwanamke aliyepika maharage ndoa nzima bila kupewa sababu, na nikaona kwamba kati ya watu wote waliobaki duniani mimi ndiye niliye na kitu chake. Nikasogea, nikamweleza. Nilimweleza Directrice na debe la chumvi, pazia na kicheko chetu, na mguu ulivyobaki barazani. Nilisema kwa sauti ndogo lakini wanawake wa karibu walikuwa wakisikiliza, na nilipofika kwenye swali la mjomba, nani alichinja, Mama Ngoie alifunika uso kwa kitenge.

Mama Mwadi aliweka mikono mapajani, akitikisa kichwa kidogo kidogo. Sikujua kama atanifukuza.

"Kumbe njo ninyi," akasema.

Akaangalia sahani yangu, akaona sijagusa, akanirudishia kijiko mkononi.

"Kula, mama. Njo kyakula yake."

Nikala.